Pete ya Marehemu Mwenye Kiu

Wiki jana tulimwacha marehemu mlangoni. Najua mlikasirika. Mama mmoja wa Kabalagala amenitumia ujumbe akiniuliza huu ni ustaarabu gani, kumwacha mtu aliyekufa amesimama juani siku saba. Nisamehe, mama. Gazeti lina kurasa zake, na mhariri ana mkasi wake.

Kwa wewe uliyekuwa unafungia maandazi gazeti la wiki jana, nakusimulia haraka. Nabwire, mwanamke wa Busia upande wa Kenya, hununua dhahabu chakavu Kampala, kwenye masoko ya Kikuubo na Owino: herini zilizobaki moja moja, mikufu iliyokatika, pete za ndoa zisizo na kazi tena, na mara mojamoja jino la mzee. Vyote humpelekea Bisimwa, sonara wa kutoka Bukavu mwenye chumba kimoja Kansanga, naye huviyeyusha akatengeneza vipya. Wiki mbili zilizopita, bwana mmoja aitwaye Sifuna alimuuzia Nabwire pete ya mkewe Moreen, akisema mke amefariki. Alilia mpaka kola ikalowa. Nabwire alilia naye, akamnunulia na soda.

Sasa huyo Moreen aliyefariki alikuwa amesimama mlangoni kwa Bisimwa, saa nne asubuhi, begi la safari begani.

"Naomba maji ya kunywa," marehemu akasema.

Hakuna aliyemletea. Bisimwa alikuwa ameshika tochi ya gesi inayowaka, akaielekeza mlangoni.

"Mama, siye hatukukuua," akasema. "Siye tuko ba kuyeyusha tu."

Nabwire haogopi kitu duniani isipokuwa askari wa jiji. Alimsogelea yule mwanamke, akamtazama usoni, akamlinganisha na picha aliyoonyeshwa na Sifuna siku ile ya machozi. Uso ulikuwa ule ule. Akamfinya mkono kwa nguvu zake zote.

"Aii! Kwani hapa mnafinya wateja?"

"Maiti haisemi aii," Nabwire akamwambia Bisimwa. "Zima moto wako."

Moreen aliingia bila kukaribishwa, akakaa kwenye stuli ya wateja. Alikuwa amechoka mpaka sauti.

"Niliyemzika ni mama yangu," akasema. "Bungoma, wiki tatu zilizopita. Sifuna alisema atanifuata kesho yake. Hakuja. Kumbe huku nyuma amechukua msiba wa mama akanipa mimi."

"Na pete?"

"Nilimwachia anitunzie. Si unajua basi za usiku na wezi wake."

"Amekutunzia," Nabwire akasema. "Kwangu."

Moreen alisimulia jinsi alivyofika nyumbani saa moja asubuhi ile. Sifuna alikuwa ametoka alfajiri; mlango ulifunguliwa na mwanamke aitwaye Estelle, amevaa gauni la Moreen la kitenge, mkononi ana mwiko wa kukaangia mayai. Estelle alimwambia kwa adabu kabisa kwamba amepotea nyumba. Jirani yake Alal alipomwona alikimbia mpaka akaangusha ndoo, na aliporudi, jambo la kwanza alilodai ni kurudishiwa mabugo yake, ile rambirambi aliyomchangia Sifuna. Ndiye aliyemweleza habari za pete na mahali ilikopelekwa.

"Nikamwambia mabugo yako sikula mimi," Moreen akasema. "Gauni, Estelle akae nalo. Sifuna mwenyewe akae naye, nitamwongezea na sukari. Mimi nataka pete yangu tu, dada. Nirudishie nikaendelee na safari zangu."

Nabwire alikohoa. Juu ya meza ya Bisimwa, ndani ya kijungu cha kuyeyushia, kulikuwa na kidonge cha dhahabu chenye ukubwa wa kitufe cha koti. Kwa alivyojua Nabwire, ni mzigo wote wa mwezi huo, umeyeyuka na kuganda pamoja.

Moreen alifuata macho yake, akakiona.

"Iko humo?"

Nabwire alikifunika kijungu kwa kiganja.

"Unajua ile pete ilikuwa nini?" Moreen akauliza, sasa polepole. "Ilikuwa herini za mama. Alizivaa tangu nizaliwe. Nilipotaka kuolewa hatukuwa na kitu, akazivua yeye mwenyewe, akampelekea fundi wa pale Bungoma, zikayeyushwa nikatengenezewa pete. Alikaa na masikio matupu mpaka siku tunamfunika. Sina hata picha yake ambayo hajafumba macho. Kilichobaki cha mama yangu duniani ni hiyo pete, na nyinyi mmeichanganya na meno ya watu."

Nabwire aliona haya. Miaka tisa amenunua dhahabu za watu kwa gramu, na hata siku moja hajauliza zaidi ya jina na simu. Alitamani asingemnunulia yule mwanamume soda. Alitamani angemmwagia.

Ndipo Bisimwa akaweka tochi chini.

"Haiko humo," akasema.

Wanawake wote wawili wakamgeukia.

"Bwana wangu aliyenifundisha kazi kule Bukavu, muzee Josias, alikuwa na sheria yake. Dhahabu ya mutu aliyekufa haipande ku moto mpaka siku makumi ine, arobaini ya marehemu, zipite. Alisema mwenyewe anaweza kurudia kuiulizia." Alimtazama Moreen kuanzia kichwani hadi viatuni. "Nilifikiri muzee anatutisha tu."

"Na za waliotalikiana je?" Nabwire akauliza.

"Ile nayeyusha siku ile ile."

Msomaji, hapo simamisha chai yako ufikirie. Kama yule mwongo angesema ukweli, kwamba amemchoka mkewe na ameingiza mwingine, pete ingekuwa maji kabla soda haijaisha. Alimuua mkewe kwa mdomo, na mdomo huo huo ndio ulioiokoa pete. Simsifu. Nasema tu kwamba hata uongo wake hakuujua vizuri.

"Basi lete," Moreen akasema, ameshasimama.

"Niliificha ndani ya kapeti," Bisimwa akasema. "Mwizi anavunja sanduku, havunje kapeti chafu. Niliishonea ku kona, ndani ya pindo, na uzi mwekundu."

Akainama chini ya meza yake ya kazi. Akabaki ameinama.

Sakafu ilikuwa tupu. Siyo tupu tu, iling'aa. Ilinukia sabuni ya limau. Kwa mara ya kwanza tangu apange chumba kile, Bisimwa aligundua kwamba sakafu yake ni nyekundu.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia dada yake Bibiane, aliyewasili kutoka Bukavu Jumapili. Ni mwanamke anayeamini kwamba uchafu ni dhambi iliyosahauliwa kuandikwa. Mikononi alibeba beseni jipya la bluu.

"Kaka, naona unatazama chini," akasema kwa furaha. "Iko muzuri, hein?"

"Bibiane. Kapeti iko wapi?"

"Ile takataka? Leo asubuhi sana, ukiwa ungali unalala, nilimupatia ule mutu wa Owino anayepita na baiskeli. Akanipatia beseni."

Hapa lazima niwaeleze jambo, la sivyo mtamlilia Bisimwa nusu tu. Sonara hafagii. Sonara haoshi. Anapokata pete, anapoikwangua kwa tupa, unga wa dhahabu huanguka chini, na kapeti huunasa. Vumbi lile hukaa humo miaka. Halafu siku moja fundi huchoma kapeti lote, huosha majivu yake, na humo hupata dhahabu iliyomponyoka kidogo kidogo. Kapeti la Bisimwa lilikuwa na miaka sita. Alipanga kulichoma Krismasi.

Bibiane alikuwa amebadilisha miaka sita ya kaka yake na beseni la plastiki, na beseni lenyewe lilikuwa na ufa.

Bisimwa hakumgombeza. Alikaa sakafuni, palepale kapeti lilipokuwa, akauliza kwa sauti ndogo, "Uliosha hata ukuta?"

"Na ukuta," Bibiane akasema. Alingoja asifiwe.

Moreen ndiye aliyemwinua kwa kola. "Utalia baadaye, fundi. Huyo wa baiskeli anaitwa nani?"

Aliitwa Okullo. Bibiane alikumbuka, kwa sababu alimwombea kabla hajaondoka. Kazi yake ni kukata makapeti makuukuu vipande vipande na kuuza vya kufutia miguu mlangoni. Kusikia neno kukata, Bisimwa alikuwa nje ameshasimamisha boda mbili.

"Wewe linda hapa," Nabwire akamwambia Bibiane. "Mteja akija, asubiri. Na tafadhali, usioshe kitu."

Bibiane alinuna. Kuna watu ukiwakataza kuosha unakuwa umewatukana.

Walimkuta Okullo upande wa nyuma wa soko, nyuma ya wauza viatu. Ni mwanamume mrefu, mkimya, kisu kirefu kiunoni. Alikuwa ameinama juu ya nusu pipa, mikono imezama hadi kwenye viwiko, anafua. Povu lilikuwa jeusi. Ndani ya povu kulikuwa na kapeti la Bisimwa.

Okullo alinyanyua vipande, akavitupa pembeni kwenye gunia, akashika pipa ili amwage.

"Usimwange ile mayi!" Bisimwa akapiga kelele.

Soko zima liligeuka. Okullo aliliacha pipa limeinama nusu.

"Mzee, hii maji ni chafu sana. Mimi natupa."

"Usitupe."

"Kwani hii maji iko na nini?"

Bisimwa ni fundi mzuri na mtu mwaminifu, na siku ile afadhali angekuwa mwongo.

"Iko na dhahabu," akasema.

Sijui kama umewahi kutamka neno hilo Owino mchana. Mama muuza sidiria wa meza ya pili alinyanyua shingo. "Zaabu?" akauliza kwa Kiganda chake. Wa meza ya tatu akasema zaabu. Neno lilipita kwenye viatu, likapita kwenye mashuka, likageukia kwenye nyanya, na kabla Nabwire hajafungua mdomo walishafika wanawake saba na vikombe, mmoja na jeri kani la maji, na babu mmoja na kofia yake. Mama sidiria alichota wa kwanza.

Okullo, ambaye dakika moja nyuma alikuwa akiyatupa, alilipanda pipa akalikalia kama farasi.

"Hii maji ni ya mimi," akasema. "Mimi nalipa beseni nzima. Beseni mpya."

"Beseni yako iko na ufa," Bisimwa akasema, karibu alie.

Watu wakaanza kusukumana. Kikombe kimoja kilimwagika, na Bisimwa akapiga magoti kutazama udongo ukiyanywa maji yenye dhahabu yake. Polisi wangefika wakati wowote, na hapo hata povu lisingebaki.

Nabwire alipenya katikati, akachovya kidole ndani ya pipa, akakinusa taratibu mbele ya wote.

"Bisimwa," akasema kwa sauti ya kanisani, "hii dhahabu siyo ile ya meno ya maiti?"

Vikombe vilisimama hewani.

"Ni... iko humo pia," Bisimwa akasema. Narudia: mtu mwaminifu.

"Meno ya maiti, herini za maiti, pete za maiti," Nabwire akaendelea. "Ile ya majuzi ni ya huyu mama hapa. Moreen, waambie watu. Wewe ni nani?"

Moreen aliweka begi chini. Siku tatu hajalala vizuri, macho mekundu, nywele zimejaa vumbi la njiani.

"Mimi ni marehemu," akasema. "Mume wangu alinichangishia mabugo. Nimekuja kuchukua kitu changu."

Mama sidiria alirudisha maji kwenye pipa, kikombe na vyote. Babu alikung'uta kofia, akaitazama, akaiacha palepale. Okullo alishuka kutoka kwenye pipa kwa mguu mmoja mrefu, akajifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena.

"Bambi, pole mama, chukua," akasema. "Chukua maji, chukua kapeti. Beseni nayo mimi nasamehe."

Bisimwa hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliyamimina yale maji kwenye majeri kani ya kuazima kwa uangalifu wa muuguzi, kisha akaviendea vipande. Alipapasa kona moja baada ya nyingine akitafuta uzi mwekundu. Kapeti lina kona nne. Alipapasa tatu. Akarudia zile tatu.

"Ya ine iko wapi?"

"Hiyo nafua kwanza, nauza saa ile ile," Okullo akasema. "Kwa Concy. Ule wa chai."

Concy alikuwa hatua kumi kutoka pale, mnene, ametulia, anapika chai kwa watu wa kubeba magunia. Chini ya miguu yake, palepale penye tope, kilikuwa kipande cha kapeti, na kwenye kona yake, kando ya kidole gumba chake, uzi mwekundu ulichungulia.

Moreen hakuomba ruhusa. Alipiga magoti topeni, akainamia miguu ya Concy, akang'ata uzi.

"Wewe mama," Concy akasema bila kuacha kukoroga, "unakula kapeti yangu kwa nini?"

Uzi ulikatika. Pindo likafunguka. Pete iliangukia kiganjani mwa Moreen, ndogo, nyembamba upande mmoja ulipochakaa, na povu la sabuni ndani yake.

Aliivaa. Iliingia bila kusukumwa.

Nilidhani atacheka. Nabwire naye alidhani hivyo. Moreen alikaa chini kwenye gunia la makaa, akafunika masikio yake kwa viganja, akaanza kulia. Bungoma hakulia, alikuwa anapika, anapokea wageni, anatafuta viti. Sasa alimlilia mama yake katikati ya Owino mbele ya watu wa magunia, kwa sauti, bila haya yoyote. Watu wa magunia walivua kofia. Nabwire aligeuka upande akajifanya anahesabu viatu vya mitumba.

Concy aliacha kukoroga. Alichota kikombe kwenye mtungi, akakisuuza, akachota tena, akampa.

Hivyo ndivyo marehemu alivyopata maji yake ya kunywa, saa nane kasoro mchana, baada ya kuyaomba saa nne. Mama wa Kabalagala, nadhani sasa umeridhika.

Concy alidai kitu kingine cha kukanyagia. Bisimwa alivua koti lake akalitandika, akachukua kipande chake cha nne, na kwa dakika moja nzima kila mtu alikuwa na kilicho chake.

Kisha simu ya Nabwire ikalia.

Alitazama jina. Akawatazama wenzake. Akabonyeza spika.

"Dada Nabwire." Sauti ilikuwa ya kilio, kile kile cha wiki mbili zilizopita. "Ni mimi Sifuna. Nimefiwa tena."

Moreen aliacha kunywa.

"Pole sana, kaka," Nabwire akasema. "Nani?"

"Mke wangu mdogo. Estelle. Ni jana jioni, ghafla tu, alishika kifua. Ameacha mkufu, na mimi nyumba nzima inanikumbusha, siwezi kukaa nao. Niko hapa kwa fundi wako. Huyu dada amenivua viatu, anasema amepiga deki."

"Leo saa moja alikuwa anakaanga mayai," Moreen akanong'ona. "Nilisikia na harufu."

Nabwire alimwekea kidole mdomoni. "Jikaze, Sifuna. Tunakuja kulia na wewe. Hebu mpe simu huyo dada."

Kulisikika kusugua, kisha sauti ya Bibiane.

"Bibiane, viatu vyake viko wapi?"

Bibiane alijibu kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. "Ulisema nisioshe kitu cha hapa. Viatu si ya hapa. Viko ku jua, vinatoka mayi."

Bisimwa alichukua simu. Tangu asubuhi hakuwa amemtazama dada yake kwa jicho zuri, na sasa uso wake wote ulifunguka.

"Dada yangu," akasema, "rudia kuviosha. Na soksi."

Okullo, ambaye hakuelewa lolote ila alipenda mwelekeo wa mambo, alishapakia majeri kani kwenye baiskeli. Boda zikanguruma. Nabwire alipanda, akamwita Moreen aharakishe, maana deki hukauka na hata soksi zina mwisho wake.

Moreen alimrudishia Concy kikombe, akashukuru, akaizungusha pete kidoleni mara moja. Kisha akapanda boda ya pili na kumgusa dereva bega.

"Tupitie kwangu kwanza," akasema.

"Kufanya nini?" Nabwire akauliza. "Atatoroka huyo."

"Bila viatu hafiki mbali. Namchukua Estelle. Yule maskini bado yuko jikoni, hajui kwamba amekufa." Alifunga begi lake vizuri mgongoni. "Mimi niliambiwa na jirani, na inauma. Yeye nitamwambia mwenyewe."